Pasaka Nabugoye: shajara ya kurudi kwa kina Kukhu

Jumapili, 2 Aprili 2023. Bungoma hadi Mbale

Ni Jumapili ya Matawi. Barabara ya Chwele imejaa watoto wenye makuti mikononi, na matatu yetu ilibidi isimame kupisha maandamano ya kanisa moja, kisha la pili, huku dereva akipiga honi kwa upole maana hakuna anayetaka kugombana na Hosana. Mama alikuwa ameshatoka kwenda kanisani kwa Marafiki, yaani Wakweka, kabla sijafunga begi. Nadhani alifanya makusudi. Nilipomwambia nakwenda Nabugoye, karibu na Mbale nchini Uganda, kula Pasaka ya Kiyahudi, alinijibu kwamba mambo ya Uganda waliyaacha Uganda, akaendelea kuchambua mchicha.

Kwa msomaji asiyenijua: mama yangu alizaliwa karibu na Mbale, kwa Wayahudi wa huko wanaojiita Abayudaya. Babu alifariki mapema. Kukhu, yaani bibi mzaa mama, akavuka mpaka na watoto enzi za Idi Amin, akapokelewa na Wabukusu upande wa Chwele. Lugha ni ndugu, mila ni ndugu, na mkimbizi hana nafasi ya kuchagua dini, basi akawa Mkweka kama waliompa kiwanja. Kijijini waliendelea kumwita Muyudaya hadi kifo chake mwaka 2009. Sisi wajukuu tulidhani ni jina la utani. Hakula damu, hakula mnyama aliyejifia, na Jumamosi hakwenda shambani. Alisema mgongo unamsumbua. Ulikuwa mgongo wa ajabu, maana Jumapili jioni ulikuwa umeshapona.

Mimi nimezunguka. Nililelewa kwa Marafiki. Nikaokoka kwa Wapentekoste kule Eldoret, nikanena kwa lugha, nikakesha. Nilipopata kazi Mombasa kwenye duka la vipuri vya pikipiki nikasilimu, na sijawahi kuwa na nidhamu kama niliyokuwa nayo Ramadhani ya kwanza. Niliporudi bara nikaingia kundi la Kimasihi, wale wanaovaa shali za Kiyahudi na kupuliza baragumu la pembe huku wakimhubiri Yesu kama Yeshua. Huko ndiko nilikoanza kuuliza maswali ambayo mchungaji hakuyapenda. Sina kinyongo na yeyote kati yao. Kila mahali nilipata kitu, na kila mahali, baada ya mwaka au miwili, nilijikuta nasubiri moyo usisimke tena kama siku ya kwanza.

Nimepita Lwakhakha badala ya Malaba kwa sababu mbili: foleni ya malori, na kwamba hii ndiyo njia aliyopita Kukhu. Mto umejaa, maji mekundu ya mvua za Aprili. Yeye alivuka usiku. Mimi nimevuka juu ya daraja mchana kweupe, nikaonyesha kitambulisho, nikabadilisha pesa, nikala mandazi mawili nikijua ni ya mwisho kwa muda mrefu. Kisha Bubulo, Bumbobi, na Mbale kabla ya jua kuzama, mlima Wanale umesimama nyuma ya mji na maporomoko membamba yanateremka mwambani.

Nimelala karibu na mnara wa saa. Adhana ya magharibi ilinikuta barabarani, na mtu asiyenijua, aliyekuwa akifuturu kwenye kibaraza cha duka, akanisogezea sahani ya tende bila kuniuliza swali. Mbale ina Waislamu wengi, na chuo kikuu cha Kiislamu kipo hapa tangu 1988. Nilikula tende moja nikasema Alhamdulillahi. Mdomo una kumbukumbu zake.

Jumatatu, 3 Aprili. Nabugoye

Boda ilinifikisha kilimani mapema. Kaka mdogo wa Kukhu bado yuko hai, mzee wa miaka 84, ananyooka kama mwanajeshi akisimama. Tumeongea Kibukusu changu na Kimasaba chake, tukaelewana vizuri tu. Namwita kuka, yaani babu.

"Mulembe, kuka."

"Mulembe. Wewe ni wa nani?"

"Mjukuu wa dada yako, aliyekwenda Kenya."

Alinitazama kwa muda. "Yule aliyekwenda naye, mkubwa, ndiye mama yako?" Nikasema ndiye. "Mbona umekuja peke yako?" Sikuwa na jibu, naye hakulingoja, akaita chai.

Nilijaribu Kiswahili mara moja, akakunja uso. Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini kwa watu wa rika la kuka ilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani: simama, toa kipande, piga magoti. Hadi leo akiisikia ghafla mabega yake hupanda.

Mchana kutwa amenisimulia habari za Semei Kakungulu. Naziandika kwa kirefu kidogo kwa sababu kwetu Kenya watu wanadhani Wayahudi wa Uganda waliletwa na Waisraeli, au ni kabila lililopotea. La. Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyeongolewa na wamisionari wa Kiprotestanti, akawatekea Waingereza nchi hizi za mashariki, akitumaini watamfanya mfalme wa Bukedi. Hawakumfanya. Walimpunguzia eneo mwaka hadi mwaka, naye akajitenga nao, akaingia kwa Bamalaki, dhehebu lililoshika Sabato na kukataa dawa za hospitali. Hapo napo hakutulia. Alisoma Torati akaona tohara imeamriwa wazi, akauliza kwa nini haifanywi. Wakamwambia hiyo ni ya Wayahudi. Akasema basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe.

Hata hivyo hakujua Myahudi anaishi vipi. Mwaka 1920 akapita mfanyabiashara wa Kiyahudi, jina lake Yusufu, akakaa naye kama miezi sita, akamfundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu akaandika kitabu cha mwongozo kwa Kiganda, na wimbo wa Musa wa Kumbukumbu la Torati 32 akautia sauti ambayo bado wanaiimba. Alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Nilipokuwa nikimsikiliza niliona jambo ambalo sikulisikia likisemwa mahali popote: mwanzilishi mwenyewe alikuwa mtangatangaji. Alipita kwa Waprotestanti, akapita kwa Bamalaki, ndipo akafika. Nilimwambia kuka hivyo. Akasema, "Ndiyo, lakini yeye alipofika alikaa," akanyanyuka kwenda kufunga ng'ombe.

Jumanne, 4 Aprili

Siku ya kazi. Nimefua mapazia, nimehamisha vitanda, nimekwangua masizi ya sufuria, nimebeba maji. Nyumba nzima inatolewa nje na kurudishwa, kutafuta chachu: punje ya mkate, unga ulioanguka, makombo ya chapati mifukoni mwa watoto. Mke wa mjomba amenipa mswaki wa zamani na kunionyesha ufa wa meza.

Lakini la siku ni matza, mkate usiotiwa chachu. Maji yalitekwa jana jioni yakalala ndani ya mtungi. Unga wa ngano umekaa chumba kingine kabisa, mlango umefungwa. Tanuri la udongo limewashwa tangu alfajiri hadi matofali yakabadilika rangi. Halafu kijana mmoja akashika simu, akawasha saa yake ya kuhesabia, na maji yakagusa unga. Tangu hapo una dakika 18. Zikipita kabla donge halijaingia motoni, ni chachu, halifai. Wanawake wanakanda bila kupumzika maana donge likiachwa tu linahesabiwa kuumuka. Anayesukuma anasukuma, anayetoboa anatoboa kwa uma safu kwa safu ili lisipate kuvimba, na mwenye fimbo ndefu analitupa ndani, anahesabu kimoyomoyo, analitoa likiwa na madoa meusi na limekauka kama kigae.

Nimewekwa kwenye kusukuma. Mimi nasukuma chapati vizuri, najisifu kwa hilo. Nikaanza kuizungusha ipate duara. Mama mmoja akainyakua mkononi mwangu ikiwa bado pembe tatu, akairusha kwa wa uma. "Hii si ya kupendeza, baba, hii ni ya kukimbia." Kijana akapiga kelele, kumi na tano! Tukafuta meza, tukanawa mikono, tukabadilisha vijiti vya kusukumia, tukaanza upya na unga mwingine.

Katika miaka yangu yote ya kukesha na kufunga sikuwahi kushiriki ibada ambayo hakuna aliyejali hali ya moyo wangu hata kidogo. Walijali mikono. Jioni mgongo ulikuwa unaniuma kwelikweli, si ule wa Kukhu wa Jumamosi.

Usiku tulizima taa, kuka akazunguka nyumba na mshumaa, unyoya wa kuku na kijiko cha mti, akitafuta vipande vya mkate ambavyo wajukuu walivificha kwa makusudi ili baraka isisomwe bure. Kimoja hakikuonekana. Mtoto aliyekificha alikuwa amesahau alikiweka wapi, na msako ukafika hadi ndani ya viatu vyangu.

Jumatano, 5 Aprili, asubuhi

Tumechoma chachu nyuma ya banda. Naandika haraka, kwa sababu jua likizama kalamu inawekwa chini: leo usiku, kesho na keshokutwa ni sikukuu, na Ijumaa jioni Sabato inaingia moja kwa moja. Mimi bado si mtu wa kufungwa na sheria hizo, lakini kuka amesema mgeni hufuata nyumba.

Nimezungumza na mmoja wa walimu wao chini ya mwembe. Nilitaka kujua kama kwangu hii ni kurudi au kuingia, kwa kuwa mama ya mama yangu alizaliwa humu. Hakunipaka asali. Akanieleza habari za Februari 2002, marabi wa Kikonsavativu, mmoja wa mikondo ya dini ya Kiyahudi, walipofika kutoka Marekani na Israeli, wakaketi kama baraza, na mamia ya Abayudaya wakaingia majini mmoja baada ya mwingine ili hadhi yao isibishaniwe. Waliozama siku hiyo ni pamoja na wazee ambao hawakuondoka hata siku moja, waliosali kwa kunong'ona Amin alipopiga marufuku dini yao, jamii ikapungua kutoka maelfu hadi watu kama 300. "Kama wale hawakuona haya kuingia maji," alisema, "wewe uone haya ya nini?"

Kwa hiyo ni kusoma kwanza, kwa muda usiopungua mzunguko mzima wa sikukuu, kisha marabi watatu, kisha maji. Na tohara.

"Umetahiriwa?"

Nikamwambia nilitahiriwa mwaka 1998, kwa mila ya Kibukusu, nimepakwa udongo wa mtoni, nimesimama mbele ya kijiji kizima bila kupepesa jicho. Nadhani nilivimba kidogo. Alicheka. Wamasaba wa hapa nao wana imbalu, tohara yao, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kwa hiyo alijua ninachokisema.

"Huo ni ushujaa. Agano huwa siku ya nane, na mtoto halii kwa aibu, analia tu. Wewe watakutoa tone moja la damu kwa sindano, na dua. Halitakuuma kama lile."

Akaniambia pia, bila mimi kuuliza, kwamba nisifikirie pasipoti ya Israeli. Shirika la Kiyahudi, linaloshughulikia Wayahudi wanaohamia Israeli, liliwatambua mwaka 2016, lakini Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli imekuwa ikikataa. Rabi wao mkuu, Gershom Sizomu, amesomea Los Angeles, akawekwa wakfu 2008, akaingia hata Bunge la Uganda 2016, na bado kuna karani mahali fulani anayeona watu hawa si Wayahudi wa kutosha. Hilo limenikera kuliko nilivyotarajia, ukizingatia kwamba sijawa mmoja wao.

Wameniita nibebe mabenchi.

Jumapili, 9 Aprili. Nabugoye, alfajiri, kisha njiani

Tangu Jumatano sijaandika hata nukta, kwa hiyo haya yanatoka kichwani.

Seder, karamu ya usiku wa kwanza wa Pasaka, ilikuwa ya watu wote, karibu na sinagogi jipya lililofunguliwa 2016. Mwezi ulikuwa mpevu, mawingu yakiupitia. Hagada, kitabu cha simulizi ya kutoka Misri, ilisomwa kwa Kiebrania, Kiganda na Kiingereza, kila mmoja kwa anachokiweza. Mvinyo ulikuwa wa ndizi, mtamu, unapanda polepole usiposhtukia. Ule mchanganyiko wa kukumbuka udongo wa Misri waliutengeneza kwa karanga, ndizi na asali, na watoto walirudia mara nyingi kuliko kitabu kinavyoruhusu. Binti mdogo akauliza maswali manne, sauti ikitetemeka swali la kwanza na kukomaa la nne.

Walipofika pale kitabu kinaposema kila mtu ajione kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri, kuka aligonga meza. Kumbe kila mwaka hugonga hapohapo. Akasimulia tarehe 11 Aprili 1979: redio, sauti ya Oyite-Ojok, kamanda wa wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin, ikitangaza kwamba Kampala imeangushwa, wanajeshi wa Tanzania wameingia. "Nilitoka nje nikaangalia mwezi. Umejaa. Nikamwambia mke wangu, hii si ni Pasaka?" Na ilikuwa. Usiku uleule wa kwanza wa Pasaka. Vita vilichukua siku zaidi kufika huku mashariki, na wanajeshi hao walipofika, alisema, walikuwa wakiongea Kiswahili. Hapo akanitazama mimi, akasema neno moja kwa lugha hiyo anayoiogopa: "Karibuni." Watu walicheka, maana wanakijua kisa hiki. Mimi sikucheka, nilikuwa namwaza Kukhu, ambaye usiku ule alikuwa Chwele, na Jumapili yake ikamkuta kanisani akiimba Pasaka nyingine.

Alhamisi ilikuwa Haleli, Zaburi 113 hadi 118, kwa sauti za Kiafrika zinazopokezana, na mvua juu ya paa. Siku nzima ni kula, kulala, kusalimiana. Sina mengi ya kuongeza.

Ijumaa nilikaa na kuka kibarazani. Chini barabarani Wakatoliki walipita na msalaba, Ijumaa Kuu, wakiimba taratibu. Kabla hawajapotea adhana ya Ijumaa ikapanda kutoka msikiti ulio bondeni. Wimbo ule naujua hadi ubeti wa mwisho, na adhana naijua pia, na midomo yangu ilicheza kwa vyote viwili bila kuombwa. Kuka aliona. Hakusema kitu cha hekima, alisema kahawa imepoa. Tulikuwa tunakunywa ya ushirika wa Mirembe Kawomera, ulioanzishwa 2004 na J.J. Keki wa hapahapa, Wayahudi, Waislamu na Wakristo wakiuza pamoja. Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akaona alichokiona, akarudi kugonga milango ya majirani. Arabika ya mlima huu haihitaji sukari, ingawa kuka anatia vijiko vitatu.

Mchana wanawake walipika chakula cha Sabato. Kwa kawaida huwezi kupika siku ya sikukuu kwa ajili ya kesho yake, lakini Jumatano, kabla jua halijazama, waliweka kando yai la kuchemsha na kipande cha matza kuwa mwanzo wa mapishi ya Sabato, na kwa hilo wakaruhusika kuendelea. Nilipoambiwa nilitabasamu. Kule nilikotoka ningesema ni ujanja wa kuikwepa sheria. Sasa naona ni watu waliokaa na sheria kwa muda mrefu kiasi cha kujua ina mlango wa nyuma, na kwamba aliyeijenga ndiye aliyeuweka.

Jumamosi baada ya kuhesabu nyota tatu, ishara kwamba Sabato imekwisha, mwalimu alinipa karatasi yenye herufi 22 za Kiebrania na kuniagiza nizijue kabla hatujaonana tena. Nikamuuliza nisali wapi nikiwa Bungoma. Akapiga hesabu: sinagogi la Nairobi liko mbali mara kadhaa kuliko Nabugoye. "Njoo unapoweza. Usipoweza, Jumamosi usifungue duka." Hilo la pili ndilo gumu. Jumamosi ndiyo siku wanaboda wanayonunua matairi.

Sasa niko Lwakhakha, ng'ambo ya Kenya, Pasaka ya Kikristo imepamba moto, spika za makanisa matatu zinashindana. Nimempigia mama. Ndiyo kwanza ametoka ibadani. Nimemwambia kuka ni mzima, anamsalimu, na aliuliza kwa nini nimekwenda peke yangu. Akawa kimya, nikadhani mtandao umekatika.

"Kaburi la baba wamelipalilia?"

Nikamwambia lipo nyuma ya migomba, safi, na kuka hulipalilia mwenyewe kabla ya sikukuu. Akauliza kama ule mti wa mbele ya nyumba ulishakatwa. Nikasema sikujua ni mti gani anaousema. Akaanza kunieleza ulivyokuwa, upande gani wa mlango, nani alianguka kutoka juu yake, na matatu yangu ikajaa ikaondoka, nikamwambia kondakta aniache nitapanda inayofuata. Ndipo akauliza nauli ya kupitia Lwakhakha siku hizi ni kiasi gani, na kama magari ya huko yana viti vya mtu mwenye magoti.